Tungule (hitilafu za rangi)

Tungule, ambayo Bara huitwa nyanya na wataalamu huijua kwa jina la Solanum lycopersicum, ni tunda lenye asili ya Amerika ya Kusini ambalo wekundu wake hutokana na likopini. Walakini katika bustani za nyumbani kisiwani Pemba, kama kwingineko, huweza kuzuka matunda yenye rangi isiyo ya ada, na sababu zake kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni ya nasaba. Jeni moja ikiharibika, tunda huiva manjano kwa kukosa likopini. Nyingine ikibadilika, huwa la rangi ya chungwa. Ngozi ikikosa umanjano wake, tunda huonekana la waridi. Na klorofili isipotoweka wakati wa kuiva, hupatikana hudhurungi. Zote nne ni sifa fiche, hubainika pale tu mche unaporithi nakala mbili, jambo litokealo hasa kwa mkulima aliyepanda tena mbegu za tungule chotara.

Ya pili ni hali ya hewa: joto likizidi nyuzi 30 hivi za Selsiasi, likopini hupungua kutengenezwa ilhali karotini, yenye rangi ya manjano, huendelea, ndipo tungule za msimu wa kaskazi, hasa zilizokosa kivuli cha majani, zikaiva kwa umanjano. Taathira hii haiingii katika mbegu. Bali ile ya nasaba hurithiwa, na kwa kuwa ua la tungule aghalabu hujichavusha lenyewe, mwenye kuhifadhi mbegu za tunda la manjano huvuna manjano mwaka baada ya mwaka.