Ardhi Iliyoachwa Wazi

Tulipoombwa kuandika juu ya wafadhili katika chapisho hili la kumbukumbu ya hekalu letu, tuliona tuwaache kando waliojenga ukumbi na jiko. Majina yao yamechorwa ukutani, na kila aingiaye huyasoma. Tutamzungumzia mtu aliyetoa ardhi ili isijengwe.

Wazee wetu waliokuja kufungua maduka chini ya milima ya Uluguru walitanguliwa na misafara. Kabla reli haijafika Morogoro mwaka 1907, wapagazi kutoka Bagamoyo walikatiza nchi ya Ukami na kupita mji wa Simbamwene. Wapagazi na bidhaa za misafara mingi zilipatikana kwa Sewa Haji Paroo, Khoja mzaliwa wa Bagamoyo. Alipofariki mwaka 1897 alikuwa amekwisha kutoa jengo la shule mjini kwao na mali kwa ajili ya hospitali ya Dar es Salaam; hata leo jina lake lipo Muhimbili. Lakini hospitali hujilinda yenyewe kwa foleni ya wagonjwa wake, nayo shule kwa kelele za watoto. Uwanja mtupu hauna mtetezi wa namna hiyo. Mfano wake tumeupata kwa jirani zetu wa Nairobi.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856. Hakuwa wa dini yetu. Alikuwa Bohora, na Mabohora husema Kigujarati kama sisi. Alipata utajiri kwa kuleta vibarua na vyakula wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda, akaanzisha gazeti Mombasa, kisha akawa Mhindi wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Huko aliwapinga walowezi waliotaka nyanda za juu ziwe zao peke yao. Haya husimuliwa sana na wanahistoria. Sisi, kama wafanyabiashara, tunastaajabu zaidi kwamba mtu aliyejua vyema bei ya kiwanja cha katikati ya mji alikiacha kiwe majani na miti. Bustani ilifunguliwa mwaka 1906, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria ambayo yeye mwenyewe aliigharimia. Pengine sanamu ile ilikuwa ya kuwapendeza watawala. Mfanyabiashara hutoa kwa mkono mmoja akiangalia upepo. Jeevanjee alifariki mwaka 1936.

Jaribu kubwa lilikuja miaka 55 baadaye. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kuigeuza bustani kuwa majengo ya biashara na maegesho ya magari. Miaka miwili tu kabla, Wangari Maathai alikuwa amepinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru, akatukanwa hadharani kwa sababu hiyo. Hata hivyo binti wa Jeevanjee, aliyekuwa mzee, na mjukuu wake Zarina Patel walisimama na kusema kwamba ardhi ile ilitolewa kwa wananchi. Watu wa mji wakawaunga mkono, na mpango ukaachwa. Patel akaendelea kuchimbua habari za babu yake, akaziandikia kitabu. Tunajiuliza ingekuwaje kama familia ile ingekuwa imekwisha hamia Ulaya, kama zilivyofanya nyingi za kwetu.

Ndugu zetu Waislamu wana neno wakfu, na majirani zetu wote wa Morogoro hulielewa: mali iliyofungwa, isiyouzwa wala kurithiwa. Nyumbani kwetu husemwa dan, na aliyekwisha kutoa haulizi tena. Kwa ardhi tunaona desturi hii ina upungufu. Wapo kati yetu wenye viwanja, nao wametamka wakinywa chai kwamba wangependa kuuachia mji mahali pa watoto kuchezea. Tunawaomba waandike nia hiyo mbele ya wakili, na watoto wao wawepo wakisikiliza.

Sanamu ya Malkia ilivunjwa kichwa mwaka 2015. Bustani ingalipo, na wakati wa mchana watu hulala kwenye majani yake, wahubiri huhubiri, na wabishi wa siasa hukutana hapo bila kuulizwa kabila wala dini.