Kabla ya Droni Yako, Nani Alikuwa Angani Ukambani?

Wasee wa Mwingi, droni zimeingia kwetu kwa kishindo. Harusi Migwani, droni. Ntheo Kyuso, droni. Mwanasiasa akishuka sokoni, droni mbili, moja yake na moja ya mpinzani wake. Na swali linalojaa kwa inboksi yangu ni moja: naanzia wapi?

Wengi hujibu kwa bei, betri na aina ya kamera. Hayo nitayagusa. Lakini mimi naanza na historia, kwa sababu sisi si wa kwanza kutazama Ukambani kutoka juu. Tumetazamwa muda mrefu kabla hatujaanza kutazama. Na ukijua waliotutazama walitaka nini, utajua droni yako ni ya kazi gani zaidi ya kuosha watu macho.

Hebu tuanze mbali kidogo, halafu turudi nyumbani.

Kamera ilipanda angani kabla ndege haijabuniwa. Mwaka 1858 Mfaransa mmoja aliyejulikana kama Nadar alipanda puto nje ya Paris na kamera yake. Mwaka 1907 mfamasia Mjerumani, Julius Neubronner, aliomba hataza ya kamera ndogo ya kufungwa kifuani mwa njiwa. Yaani droni ya kwanza ilikula mtama! Watu walicheka, lakini wanajeshi hawakucheka. Walielewa haraka kwamba anayeona kutoka juu ana nguvu kuliko anayeonwa.

Huku Afrika Mashariki somo hilo lilifika na Vita vya Kwanza vya Dunia. Meli ya kivita ya Ujerumani, Königsberg, ilijificha kwenye matawi ya delta ya Mto Rufiji, ndani ya mikoko, na kutoka baharini haikuonekana. Mwishoni mwa 1914 Waingereza walileta ndege kuitafuta. Julai 1915 ndege kutoka kisiwa cha Mafia ziliruka juu ya delta zikiwaelekeza wapiga mizinga wa manowari wapi pa kulenga, na meli ile ikaangamizwa. Mikoko iliyoficha chuma kizima haikuweza kumficha mtu asionwe kutoka juu.

Baada ya jeshi wakaja matajiri. Mwaka 1933 Wamarekani Martin na Osa Johnson walileta ndege mbili, moja imepakwa milia kama punda milia na nyingine madoa kama twiga. Walipiga picha za mlima Kenya, Kilimanjaro na makundi ya wanyama, wakatoa filamu mwaka 1935. Hao walikuwa kati ya waunda kontenti wa angani wa mwanzo Kenya, tukiongea ukweli. Wafuasi wao walikuwa kwenye kumbi za sinema Marekani. Mkamba aliyekuwa chini akichunga hakuwahi kuulizwa anaona nini.

Sasa tufike nyumbani.

Mwaka 1937 afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti kuhusu mmomonyoko wa udongo Machakos. Wakati huo Makueni ilikuwa sehemu ya Machakos. Picha iliyotoka kwenye ripoti za aina hiyo ilikuwa ya kutisha: makorongo, vilima vitupu, udongo unaokwenda na mvua. Na mkosaji alishatajwa, naye ni Mkamba, ati ana watu wengi na ng'ombe wengi kuliko ardhi inavyoweza kubeba. Jambo ambalo halikupewa uzito ni kwamba ardhi bora ilikuwa imechukuliwa na walowezi, na wenyeji walikuwa wamefungiwa ndani ya rizavu.

Dawa ya serikali ikawa kupunguza mifugo kwa lazima. Mwaka 1938 ng'ombe walichukuliwa na kuuzwa kwa bei ya chini, na kiwanda cha nyama cha Liebig kikafunguliwa Athi River. Wakamba wakakataa. Samuel Muindi Mbingu akaongoza watu wengi, wanaume kwa wanawake, kutoka Machakos hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana.

Gavana mwenyewe alikuwa Robert Brooke-Popham. Kabla ya kuja Kenya alikuwa mkuu katika jeshi la anga la Uingereza, mmoja wa marubani wa mwanzo kabisa wa kijeshi wa nchi yake. Kwa hivyo upande mmoja kulikuwa na mtu aliyeishi kwa kutazama watu kutoka juu, na upande wa pili mtu anayeitwa Mbingu, aliyesimama chini kwenye vumbi akidai atazamwe usoni. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla mwaka huo haujaisha, serikali iliacha kuuza ng'ombe kwa lazima. Ukipita ile barabara ya Nairobi yenye jina lake, kumbuka hilo.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha, Uingereza ilibaki na ndege nyingi za mabomu zisizo na kazi. Baadhi zikafungwa kamera. Kikosi cha 82 cha jeshi la anga, kikitumia ndege aina ya Lancaster, kilipewa kazi ya kupiga picha makoloni ya Afrika ili zichorwe ramani. Ndege iliyotengenezwa kuangusha mabomu Ulaya sasa ilikuwa inahesabu miti na mashamba ya Waafrika.

Walivyofanya kazi ndivyo droni za ramani zinavyofanya hadi leo. Ndege huenda moja kwa moja kwa urefu ule ule, kamera ikitazama chini wima, na kila picha inarudia zaidi ya nusu ya iliyotangulia. Ukiweka picha mbili za namna hiyo pamoja, jicho linaona vilima vikiinuka na mabonde yakishuka. Mstari ukiisha, ndege inageuka na kurudi kando yake, kama ng'ombe wa plau.

Picha za Machakos zilizopigwa 1948 zikaingia kabatini. Zikapigwa nyingine 1961. Nyingine tena 1978. Kila mara serikali ilikuwa na sababu zake, na kila mara aliyekuwa shambani aliinua uso, akasikia mngurumo, akaendelea kulima.

Halafu ikaja sehemu ninayoipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walizitoa picha hizo, wakazilinganisha. Waliuliza swali rahisi: yale maafa yaliyotabiriwa miaka ya 1930 yalitokea kweli?

Mwaka 1932 watu wa Machakos walikadiriwa kuwa kama 240,000. Mwaka 1989 walikaribia 1,400,000. Kwa hesabu za wakoloni, pale pangekuwa jangwa tupu. Ila ukifuata picha mwaka baada ya mwaka unaona kinyume: mashamba yameongezeka, miti imepandwa kwenye mipaka na karibu na boma, na vilima vimekatwa matuta ngazi kwa ngazi. Matuta yale baadhi yalianza kwa amri na viboko vya wakoloni. Lakini mengi yalichimbwa na watu wenyewe baada ya uhuru, kwa vikundi vya mwethya, wengi wao wakiwa akina mama wenye jembe na beleshi. Ile mbinu ya kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu imeingia kwenye vitabu vya kilimo duniani kwa jina lake la Kiswahili, fanya juu. Si jina la profesa. Ni susu wa mtu akiambiwa arushe udongo juu.

Kitabu chao kilitoka 1994 na kikabishaniwa sana, na bado kinabishaniwa. Wenye kupinga wana hoja ya maana. Picha kutoka juu inaonyesha mtaro, haionyeshi pesa za kuuchimba zilitoka wapi. Mara nyingi zilitoka kwa mtu wa familia mwenye kazi Nairobi au Mombasa. Asiye na mtu mjini alibaki nyuma, na kutoka angani shamba la aliyeuza na la aliyenunua yanafanana tu.

Hapo ndipo kiini cha maneno yangu yote. Picha ya angani ina nguvu, lakini haijielezi. Mwaka 1937 Mkamba alielezewa na wengine akapoteza ng'ombe. Miaka ya 1990 akaelezewa na wengine tena, safari hii akasifiwa. Mara zote mbili aliyeshika kalamu na kamera alikuwa na ofisi, ndege, au vyote viwili. Na angalieni vizuri: utafiti ule ulikuwa wa Machakos na Makueni. Kitui, na Mwingi yetu kavu zaidi, haikuwa ndani. Hadithi yetu kutoka juu bado haijakusanywa.

Droni ndiyo imebadilisha mchezo. Kenya iliichukua polepole sana. Kwa miaka kadhaa kurusha droni bila ruhusa maalum kulikatazwa kwa sababu za usalama. Kanuni za kwanza zilichapishwa 2017, Bunge likazitupa 2018. Kanuni tunazotumia zilikuja 2020. Wakati sisi tunavutana, Zanzibar walikuwa wameanza 2016 kupiga picha Unguja na Pemba nzima kwa droni, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakiwa kati ya walioifanya kazi. Vijana wa visiwani, si kikosi cha Lancaster.

Kwa hivyo, unaanzia wapi?

Anza na sheria, maana droni bila usajili ni ushahidi dhidi yako. Uwe na miaka 18. Droni isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Ukiiagiza nje, tafuta kibali kabla haijafika, la sivyo utaitembelea forodhani kama mfungwa. Usipite futi 400, ambazo ni kama mita 120. Kaa angalau mita 50 mbali na watu na majengo yasiyokuhusu, kaa mbali na viwanja vya ndege, na usivamie faragha ya mtu. Ukielekea Hifadhi ya Mwingi karibu na Mto Tana, ruhusa ya wanyamapori ni ya kando. Ada na fomu hubadilika, soma masharti ya sasa kabla hujalipa mtu yeyote.

Kisha jifunze mahali patupu, asubuhi kabla upepo haujaamka. Weka gunia au mkeka chini, vumbi letu linaua mota. Rudi betri ikiwa bado na theluthi. Mwewe akianza kuzunguka, shuka, hilo ni eneo lake.

Ukishazoea, fanya kile ambacho wakoloni walifanya bila kujua thamani yake: rudia. Chagua sehemu moja. Inaweza kuwa Mto Tyaa, kilima cha Nuu, au shamba la kwenu. Ipige picha wakati wa kiangazi, uipige tena baada ya mvua za Oktoba hadi Desemba, zile tunazozitegemea. Urefu ule ule, saa ile ile, kamera ikitazama chini. Andika tarehe. Mwaka ujao, tena. Baada ya miaka 5 utaonyesha mto ulivyokombwa na lori za mchanga, au pale msitu ulipoishia kwenye magunia ya makaa, au matuta mapya ya mwethya. Hakuna ofisi itakayokuambia ulikuwa unaota.

Na usiishie angani. Chukua bwawa la mchanga, haya ambayo SASOL na vikundi vya wenyeji wamejenga kwa mamia Kitui. Kutoka juu utaona ukuta wa saruji umekatiza mto mkavu, na mchanga mtupu nyuma yake. Asiyejua ataandika "mto umekufa." Kumbe maji yamo ndani ya mchanga, jua haliyafikii, na watu wanachimba kidogo tu wanateka. Droni yako haitakuonyesha hilo hata ikiwa ya laki tatu. Mama mwenye mtungi atakuonyesha bure, ukimsalimia vizuri na kumwomba ruhusa kwanza.

Ruhusa ndiyo tofauti yetu na wote niliowataja hapo juu. Wao hawakuomba. Sisi tunajua boma ni la nani, tunaongea lugha moja, na jioni tutarudi kupita hapo hapo. Picha ukishaipiga, mwonyeshe mwenye shamba kabla ya kuwaonyesha wafuasi wako, halafu muulize anaona nini. Andika jibu lake chini ya picha.

Sasa niambieni hapo chini: ukianza mwezi huu, ungechagua sehemu gani ya Mwingi uirudie kwa miaka 5, na kwa nini hiyo?