Ardhi na Darasa: Dada Wasioolewa katika Nyanda za Dakota

Jimbo la South Dakota, lililo katikati ya Nyanda Kuu za Marekani, limegawanywa na mto Missouri katika pande mbili ambazo historia zake za makazi zinatofautiana kwa takriban miaka thelathini. Upande wa mashariki ulijaa walowezi wakulima kati ya mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwaka 1887, ilhali sehemu kubwa ya upande wa magharibi ilibaki kuwa nchi ya Walakota, wenyeji wa asili wa nyanda hizo, hadi sheria za 1889 na za miaka iliyofuata zilipoifungua kwa wageni. Katika pande zote mbili walikuwapo wanawake ambao hawakuwa wameolewa, mara nyingi ndugu wa tumbo moja, waliojiandikishia mashamba kwa majina yao wenyewe na wakati huohuo wakafundisha katika shule za vijijini. Kazi hizo mbili, ambazo kwa mtazamo wa haraka hazihusiani, ziliegemeana kwa sababu zilizokuwa ndani ya sheria ya ardhi yenyewe, na undugu wa kike ndio uliowezesha wengi kuzifanya kwa pamoja.

Sheria iliyowafungulia wanawake hao mlango ni Sheria ya Makazi ya Mashambani, iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1863. Kwa sheria hiyo, mtu yeyote aliyetimiza miaka 21, au aliyekuwa mkuu wa kaya, na ambaye alikuwa raia au ametangaza nia ya kuwa raia, aliweza kudai ekari 160 za ardhi ya serikali, yaani takriban hekta 65, kwa kulipa ada ndogo za uandikishaji, kuishi hapo miaka mitano, kujenga nyumba na kulima. Sheria haikubagua kwa jinsia. Ilibagua kwa ndoa. Mke hakuweza kudai ardhi kwa jina lake, kwa kuwa mumewe ndiye aliyehesabiwa kuwa mkuu wa kaya, bali mjane, mtalikiwa, mke aliyetelekezwa na msichana aliyefikisha umri waliruhusiwa. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kwa zama zile: binti wa miaka 21 aliweza kumiliki kile ambacho mama yake, mwenye uzoefu wa kilimo wa miaka mingi, hakuweza kukiomba.

Uhusiano wa ardhi na shule ulianzia kwenye upimaji. Nchi yote ilipimwa kwa miraba inayoitwa taunshipu, kila mmoja ukiwa na vipande 36, na kila kipande kikiwa na ekari 640. Robo ya kipande ndiyo iliyotimiza ekari 160 za mlowezi, na kwa sababu hiyo watu wa nyanda hizo waliliita shamba lao "robo". Tangu sheria ya upimaji ya 1785, kipande cha 16 katika kila taunshipu kilitengwa kwa ajili ya shule, na katika maeneo yaliyofunguliwa baadaye kikaongezwa cha 36. Sheria ya 1889 iliyoiingiza South Dakota katika shirikisho iliagiza kwamba ardhi hiyo ya shule isiuzwe kwa chini ya dola 10 kwa ekari, ili fedha zake ziwe mtaji wa kudumu wa elimu. Kwa hiyo ramani iliyompa mlowezi robo yake ndiyo iliyotengea shule fungu lake, na pale familia chache zilipokusanyika, wilaya ndogo ya shule iliundwa, chumba kimoja kikajengwa, na mwalimu akaanza kutafutwa.

Mwalimu huyo kwa kawaida alikuwa mwanamke asiyeolewa. Hakulazimika kuwa na elimu ya chuo, ingawa vyuo vya ualimu vilianzishwa mapema huko Madison mwaka 1881 na Spearfish mwaka 1883. Aliyefaulu mtihani wa msimamizi wa elimu wa kaunti, kaunti ikiwa kitengo cha utawala kilicho chini ya jimbo, alipewa cheti cha daraja fulani kilichomruhusu kufundisha kwa muda maalumu. Muhula ulikuwa mfupi, wa miezi michache ya baridi au ya kiangazi. Wanafunzi walikuwa wa rika zote, kuanzia wanaojifunza herufi hadi vijana waliokaribia umri wa mwalimu wao, na mwalimu huyohuyo ndiye aliyewasha jiko, kufagia na kuchota maji. Mshahara ulikuwa mdogo na kwa kawaida ulikuwa chini ya ule wa mwanamume aliyefanya kazi ileile, lakini ulilipwa kwa fedha taslimu, na fedha taslimu ndiyo iliyokuwa adimu kuliko kitu chochote katika nyanda hizo. Ardhi ilitolewa karibu bure, ila mbao, msumari, makaa ya mawe, kisima na ujira wa mwenye plau vilipaswa kununuliwa, na mwanamke ambaye hakuwa na mume wala mtoto wa kiume wa kuvunja udongo mgumu wa nyika alilazimika kumlipa jirani amlimie.

Hapo ndipo mgongano ulipojitokeza. Sheria ilidai mdai aishi shambani mwake, na aliyekaa mbali kwa zaidi ya miezi sita mfululizo alihesabiwa kuwa amelitelekeza, hivyo mtu mwingine aliweza kulipinga dai lake katika ofisi ya ardhi. Ualimu, kwa upande wake, ulimtaka mwalimu aishi karibu na shule, mara nyingi akilala kwa zamu katika nyumba za wazazi wa wanafunzi. Aliyekuwa peke yake alibaki akihangaika kati ya mambo hayo mawili, akirudi shambani siku za mwisho wa wiki ili moshi uonekane kwenye paa. Ndugu wawili waliochukua robo zinazopakana walikuwa na suluhisho: mmoja alifundisha na kuleta mshahara, mwingine akabaki akishika nyumba, akitunza bustani na kuwa shahidi wa ukaazi wa wote wawili. Mfano unaojulikana zaidi uko nje ya Dakota, katika kaunti ya Custer, jimbo la Nebraska, ambako mwaka 1886 mpigapicha Solomon Butcher aliwapiga picha dada wanne wa ukoo wa Chrisman mbele ya nyumba ya matabaka ya udongo uliokatwa pamoja na mizizi ya nyasi. Dada hao walijiandikisha kwa nyakati tofauti kadiri kila mmoja alivyotimiza umri, wakawa wanaishi kwa zamu kila mmoja kwa mwenzake ili masharti ya ukaazi yatimie bila yeyote kukaa peke yake. Lakini mdogo wao alipofikisha miaka 21, ardhi ya karibu ilikuwa imekwisha.

Katika upande wa mashariki wa Missouri, maisha ya Eliza Jane Wilder yanaonyesha ugumu wa mwanamke aliyefanya yote mawili bila dada wa kumshikia nyumba. Alizaliwa mwaka 1850 katika jimbo la New York, akawa mwalimu tangu ujana wake, na mwaka 1879 alidai shamba karibu na mahali ulipokuja kusimama mji wa De Smet, ambako ndugu zake wa kiume, Royal na Almanzo, nao walichukua mashamba. Mwaka 1882 alifundisha katika shule ya mji huo, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Laura Ingalls, ambaye baadaye aliolewa na Almanzo na kuwa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto. Wasomaji wengi wanamfahamu Eliza Jane kupitia vitabu hivyo tu, kama mwalimu mkali asiyeweza kulituliza darasa. Kumbukumbu za ofisi ya ardhi zinamwonyesha mtu mwingine: katika maelezo marefu aliyoyaandika kutetea dai lake, alieleza maradhi, hali ya hewa na mahitaji ya fedha yaliyomlazimu kuwa mbali na shamba.

Upande wa magharibi ulikuwa na historia nyingine, kwa sababu ardhi yake ilikuwa na wenyewe. Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliwathibitishia Walakota eneo lote la South Dakota lililo magharibi ya Missouri, lakini sheria ya Machi 1889 iliivunja sehemu iliyokuwa bado mikononi mwao kuwa hifadhi ndogondogo zilizotengewa Walakota, miongoni mwake Lower Brule, na kuiweka ardhi iliyobaki mikononi mwa serikali. Mwalimu asiyeolewa alifika hapo kabla ya mlowezi. Mwaka 1886 Elaine Goodale, mshairi kijana kutoka Massachusetts ambaye mashairi yake ya kwanza yalichapishwa pamoja na ya mdogo wake Dora, alifungua shule ya kutwa katika kambi ya White River kwa watoto wa Kilakota, na mwaka 1890 akawa msimamizi wa elimu katika hifadhi za Dakota. Shule yake ilikuwa sehemu ya sera iliyokusudia kuwageuza Walakota kuwa wakulima wa vishamba vya mtu mmojammoja, nayo sera hiyohiyo ndiyo iliyotangaza kwamba ardhi iliyozidi vishamba hivyo ni ya ziada, ikagawiwa wageni kwa bahati nasibu. Katika ufunguzi wa mwaka 1904 wa sehemu ya hifadhi ya Rosebud, zaidi ya watu 100,000 walijiandikisha kuwania mashamba yasiyofikia 2,500.

Mwaka 1907, ambapo reli mbili zilivuka nyanda za magharibi hadi Rapid City, dada wawili waliotoka eneo la St. Louis, Edith na Ida Mary Ammons, walifika kusini ya Pierre, mji mkuu wa jimbo, na kukuta kibanda cha mbao kilichofunikwa kwa karatasi ya lami, kikiwa na nafasi ndogo kuliko chumba cha kawaida cha mjini. Ida Mary alipata kazi ya kufundisha. Edith alipata kazi ya kuchapa gazeti dogo la kijiji cha McClure, aina ya gazeti ambalo halikuishi kwa habari wala kwa wanunuzi, bali kwa matangazo ya kisheria: kila mlowezi aliyekaribia kupata hati ya umiliki alitakiwa kutangaza gazetini, kwa wiki kadhaa mfululizo, kusudi lake la kuthibitisha dai na majina ya mashahidi wake, na kulipia tangazo hilo. Hivyo mshahara wa dada mmoja ulitoka kwenye shule na wa mwingine ulitoka kwenye masharti ya sheria ya ardhi. Baadaye walihamia kwenye ardhi iliyokatwa kutoka hifadhi ya Lower Brule, wakaanzisha gazeti lao, duka na ofisi ya posta iliyopewa jina la Ammons, ambako Walakota pia walikuja kufanya biashara. Ukame wa 1910 na 1911 uliwaondoa walowezi wengi wa eneo hilo. Ida Mary aliolewa, na Edith akaja kuyaandika maisha yao katika kitabu *Land of the Burnt Thigh*, kilichotoka mwaka 1938.

Si wote walioufanya ualimu kuwa daraja la kupitia tu. Elizabeth Corey, binti wa shambani kutoka Iowa, aliingia kaunti ya Stanley mwaka 1909, akachukua shamba na kufundisha katika shule za jirani, akiwaandikia mama yake na ndugu zake barua zilizochapishwa mwaka 1990. Hakuolewa, na aliendelea kufundisha South Dakota kwa miongo mingi. Katika maisha kama yake, ardhi ilimpa mwalimu kitu ambacho wilaya ya shule haikumpa, yaani makazi yasiyotegemea kibali cha wazazi wa wanafunzi, na hati ambayo angeweza kuiweka rehani, kuikodisha au kuiuza ili alipie masomo au uzee.

Kwa muda mrefu wanahistoria waliwachukulia wanawake hawa kama vivuli vya baba na kaka zao, wakidhani kwamba majina yao yalitumiwa tu kupanua mashamba ya familia. Mwaka 1976 mtafiti Sheryll Patterson-Black alichambua sampuli ya madai katika ofisi za ardhi za Lamar, Colorado, na Douglas, Wyoming, akakuta kuwa wanawake walikuwa takriban asilimia 12 ya waliojiandikisha, na kwamba asilimia 42.4 yao walipata hati, ikilinganishwa na asilimia 37 ya wanaume. Elaine Lindgren, katika utafiti wake wa North Dakota uliochapishwa mwaka 1991, naye aliwakuta wanawake, wengi wao wakiwa hawajaolewa, katika kila sehemu ya jimbo aliyoichunguza. Ni kweli kwamba baadhi yao waliongeza ardhi ya familia, na kwamba wengi waliuza mara tu walipopata hati. Lakini wanaume nao walifanya hivyo, na kuuza mali ni tendo la mwenye mali.

Nafasi ya mwalimu mwenye ardhi ilivuka pia mpaka wa uchumi. Katiba ya South Dakota ya 1889 iliwaruhusu wanawake kupiga kura katika chaguzi za shule na kushika nyadhifa za elimu, ingawa kura kamili walisubiri hadi 1918, na katika jimbo jirani la North Dakota mwalimu Laura Eisenhuth alichaguliwa mwaka 1892 kuwa msimamizi wa elimu wa jimbo zima, akiwa mwanamke wa kwanza nchini Marekani kushinda wadhifa wa ngazi hiyo. Wanawake walioingia katika siasa kwa mlango wa shule walikuwa wakizungumzia kodi ya ardhi, mipaka ya wilaya na mapato ya vipande vya 16 na 36.

Uhuru huo, hata hivyo, ulikuwa na mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ulikuwa ndoa, kwa kuwa mke hakuweza kufungua dai jipya, na wilaya nyingi za shule zilimtarajia mwalimu aache kazi siku ya harusi yake. Mpaka wa pili ulikuwa ardhi yenyewe, ambayo upande wa magharibi wa Missouri haikupatikana ila kwa kupunguzwa kwa hifadhi za Walakota, wakiwamo wanawake wa Kilakota ambao sera hiyohiyo ya ugawaji iliwapunguzia nchi ya kuishi na kurithisha. Historia ya dada waliolima na kufundisha Dakota ni historia ya haki iliyopatikana kwa juhudi halisi na kwa gharama ambayo wengine ndio walioilipa, na kuusimulia upande mmoja bila mwingine ni kuiacha ofisi ya ardhi ichague nani akumbukwe.