Jiwe la Tabaka na kaburi la Buddha

Katika machimbo ya Tabaka, Mugirango Kusini, vijana hung'oa mawe ya sabuni kwa sururu na mitaimbo. Wachongaji huyakata kwa panga na kuyaumba kwa kisu, na wanawake huyasugua kwa msasa na maji hadi yang'ae: meupe, ya waridi, ya kijivu.

Jiwe la namna hiyohiyo ndilo lililochaguliwa, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, kuhifadhi masalia matakatifu ya Wabuddha. Mwaka 1898, huko Piprahwa, kaskazini mwa India, Mwingereza William Claxton Peppé alichimba kilima cha matofali, akakuta kasha kubwa la mawe. Ndani yake mlikuwa na vyombo vidogo vya jiwe la sabuni na kimoja cha bilauri, pamoja na vipande vya mifupa, dhahabu na vito. Maandishi kwenye chombo kimoja yanamtaja Buddha wa ukoo wa Shakya.

Kilima hicho ni stupa. Mapokeo yanasema kwamba Buddha alipochomwa baada ya kufa, masalia yake yaligawanywa mafungu 8, na kila fungu likafukiwa chini ya tuta. Katika karne ya 3 KK, Mfalme Ashoka aliyaeneza katika himaya yake. Stupa kuu ya Sanchi, pia nchini India, ilianza wakati huo kwa matofali, baadaye ikapanuliwa na kuvikwa mawe.

Stupa haina ukumbi wa kusalia. Waumini huizunguka, mkono wa kulia ukiwa upande wake. Kuba lake ni mfano wa ulimwengu, mlingoti wa katikati ni mhimili wake, na miavuli ya mawe kileleni ni heshima apewayo mfalme. Kwenye malango ya Sanchi, Buddha mwenyewe hachongwi kama mtu. Kuwapo kwake huonyeshwa kwa gurudumu, nyayo au kiti kitupu.

Abagusii, wenyeji wa Tabaka, hawakujenga tuta la namna hiyo. Mahali pao pa kuheshimiwa palikuwa mlimani penyewe: genge la Manga, mpakani mwa Kisii na Nyamira, lenye pango la Ngoro ya Mwaga.

Hata hivyo jiwe lao limeshapewa kazi nzito. Mawe mengi huondoka Tabaka yakiwa sahani, viboko na sataranji za watalii, lakini mchongaji Elkana Ong'esa alichonga kwa jiwe hilo Enyamuchera, ndege wa amani, ambaye sanamu yake imewekwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris.