Bakuli la miti miwili, na historia yake Gikomba

Wale mnaokuja hapa kutafuta mambo ya PHP na hifadhidata, leo mniwie radhi. Nataka kuandika juu ya mbao. Msikimbie lakini. Hesabu zipo, na programu ndogo pia ipo.

Siku hizi kila Jumamosi natoka Buruburu naenda Gikomba kwa fundi mmoja mwenye mashine ya kukereza. Kazi inayomlisha ni miguu ya vitanda na nguzo za ngazi. Mimi namlipa anifundishe kukereza bakuli la mapambo lenye mbao za rangi mbili, nyeusi na nyeupe zikipokezana kama ubao wa drafti. Nilipoonyesha picha ofisini, mwenzangu mmoja akasema, "Hiyo ni kazi ya Wazungu wa YouTube." Nikaona nimjibu hapa kwa urefu, maana ukweli ni tofauti na ni mtamu zaidi.

Tuanze na lugha. Kiswahili kina kitenzi kukereza, na chombo chenyewe huitwa kerezo. Maneno haya hayakungoja umeme. Mafundi wa Lamu na Siyu walikereza miguu ya vitanda wakizungusha mti kwa kamba ya uta, kisha wakaitia rangi nyekundu, nyeusi na manjano. Hata kuweka nyeusi kando ya nyeupe si jambo geni kwetu. Kitazame kiti cha enzi cha pwani: fremu ya mpingo mweusi, ndani yake vipande vyeupe vya pembe ya ndovu au mfupa. Huo ndio mchezo wa bakuli langu, ila kwangu nyeupe inatoka kwenye mti na ndovu ameachwa na pembe zake.

Sasa ufundi wa mpingo ulifikaje huku Eastlands? Wengi wetu tunapita Kariokor kila siku bila kufikiri jina lilitoka wapi. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ilivyotamkwa na midomo yetu. Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina hilo hilo. Maelfu ya Waafrika walipelekwa Tanganyika katika vita ile, na wengi hawakurudi. Miongoni mwa waliorudi alikuwa Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani. Kule Tanganyika alikuwa amejifunza kwa wachongaji wa mpingo, na aliporudi nyumbani aliendelea kuchonga. Wamunyu ikageuka kijiji cha wachongaji, na watoto na wajukuu wa wachongaji hao wakaeneza kazi hiyo hadi Nairobi na Mombasa. Ushirika wa wachongaji Wakamba wa Changamwe, Mombasa, uliundwa mwaka 1963. Hapa Nairobi walijikita Gikomba na Pumwani, na bado wapo. Kwa hiyo twiga wa mbao anayeuzwa kwa mtalii ana uhusiano na vita, na mtaa wa Kariokor una uhusiano na vita hiyo hiyo.

Biashara ikakua, na hapo ndipo shida ilipoanza. Mpingo huchukua zaidi ya nusu karne kufikia ukubwa wa kuvunwa. Ulipoadimika, wachongaji wakahamia muhugu, mti wa misitu ya Arabuko-Sokoke huko pwani, na hapa kwetu Karura na Ngong. Mzeituni wa porini, ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu, nao ukaingia mezani. Kufikia miaka ya 1990 watafiti walikadiria kwamba uchongaji wa Kenya ulikuwa ukila miti zaidi ya 50,000 kwa mwaka. Ndipo WWF na wenzake wakaanza kuwahimiza wachongaji watumie miti inayopandwa na kukua haraka: mwarobaini, mwembe, jakaranda na mgrevilea.

Ushauri ulikuwa mzuri, lakini mnunuzi alikuwa bado anataka "ebony". Jua kali ikatafuta njia. Mti mweupe ukachongwa, ukapakwa rangi nyeusi ya viatu, ukasuguliwa ukang'aa, ukauzwa kwa jina la mpingo. Kila mtu Nairobi anaujua mchezo huu. Kuna wanaouchekea, mimi unanikera. Mtalii kupoteza pesa si kitu sana. Kinachoniuma ni kwamba uongo huo unamfundisha mnunuzi kuwa mti wenye thamani ni mmoja tu, ule unaokwisha, na jakaranda ni wa kufichwa kwa aibu.

Sasa mnaona kwa nini nalipenda bakuli la miti miwili. Jakaranda yenyewe ni mgeni kutoka Amerika Kusini, ukaletwa Nairobi kupamba barabara. Ndani ya bakuli inasimama kando ya mpingo kwa rangi yake halisi, na ni weupe wake unaofanya weusi uonekane. Ukiifuta rangi moja, nyingine nayo imekufa.

Haya, twende kwenye hesabu. Bakuli linajengwa kwa pete zilizopandishwa moja juu ya nyingine, na kila pete ni vipande vidogo vilivyogundishwa. Ukitaka vipande 12, kila ncha inakatwa kwa digrii 15, yaani 180 gawanya kwa 12. Kwa pete ya kipenyo cha sentimita 24, upande wa nje wa kila kipande unakuwa 2 × 12 × tan 15, sawa na sentimita 6.43. Niliandika programu ya mistari kama kumi hivi: unaipa kipenyo na idadi ya vipande, inakupa orodha ya kukata kwa kila pete. Nilimwonyesha fundi kwenye simu. Akatazama, akasema, "Kijana, hiyo kompyuta yako haijui kwamba msumeno wangu umechoka."

Alikuwa na hoja. Pete ya vipande 12 ina ncha 24. Msumeno ukikosea robo digrii tu kila mara, mwisho wa pete una mwanya wa digrii 6. Dawa ya fundi haihitaji trigonometria. Anagundisha nusu mbili za pete, vipande sita sita, kisha anasugua ncha za kila nusu juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka zinyooke. Makosa yote yanasukumwa mahali pamoja na kufutwa pale. Waandishi wa programu wenzangu, hilo somo halihusu mbao peke yake.

Miti nayo ina tabia zake. Mpingo una mafuta, kwa hiyo unaupangusa kwa spiriti kabla ya gundi, la sivyo haishiki. Ni mgumu sana na jakaranda ni laini, hivyo msasa unakula jakaranda na kuacha mabonde. Mkato wa mwisho ufanywe kwa patasi kali, msasa uwe mdogo. Na vumbi jeusi la mpingo huichafua jakaranda. Unalipuliza, hulifuti kwa kitambaa.

Mpingo wangu natoa wapi? Kwenye masalio ya wachongaji. Kipande cha sentimita saba hakitoi hata kichwa cha twiga, mara nyingi kinaishia kwenye jiko. Lakini vipande 12 vya namna hiyo, vikikatwa sawasawa, ni pete mbili nzima za bakuli, kila pete ikipata sita vyeusi na sita vyeupe.

Sisemi bakuli hili litaokoa msitu. Linachukua siku kadhaa, na mtu mwenye karo ya kulipa hawezi kuziacha ndege na twiga zinazouzwa haraka. Tena kuuza mabakuli kama haya ng'ambo kwa wingi si rahisi, kwa sababu tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo na jamaa zake zote za Dalbergia imewekwa chini ya mkataba wa CITES, na hata masalio ni mpingo. Ninachosema ni kwamba linampa fundi njia ya kupata bei nzuri bila mti mpya kuanguka na bila kopo la rangi ya viatu.

Mimi chini ya kila bakuli naandika majina ya miti kwa kalamu ya moto: mpingo, jakaranda. Nanyi siku nyingine mkinunua kinyago mjini, muulizeni muuzaji ni mti gani. Akisema mpingo, kipimeni mkononi. Mpingo ni mzito hata ukiutia majini huzama. Akisema jakaranda bila kusita, msimwombe apunguze bei.

Wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata. Kwaherini kwa sasa.