Taya lako likilia, usikimbilie kusaga meno

Ati taya likilia “ta!” ukipiga miayo, lazima meno yako yarekebishwe? Mimi hilo nalikataa, na sababu yangu iko kwenye historia.

Wamisri wa kale walijua taya lililoteguka. Mafunjo ya Edwin Smith, yenye umri wa miaka kama 3,600, yanamwelekeza tabibu aingize vidole gumba mdomoni, vingine vishike chini ya kidevu, alirudishe taya mahali pake. Mikono tu. Hadi leo njia ni karibu ile ile.

Lakini taya linalouma bila kuteguka ndilo lilileta balaa. Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio, pua na koo huko St. Louis, Marekani, aliandika kuhusu wagonjwa 11 waliolalamikia masikio kuziba, kizunguzungu na kichwa kuuma. Akasema magego yakipotea, taya hupanda likakandamiza neva. Watu 11, jameni! Chama cha mama yangu kina wanachama wengi kuliko hao. Baadaye wataalamu wa anatomia walipinga maelezo yake, lakini wazo la kulaumu meno lilishashika. Kwa miongo mingi watu wakasagwa meno mazima eti yakutane vizuri. Na jino likisagwa halioti tena.

Kisha miaka ya 1980 kampuni ya Vitek, Texas, ikauza vipandikizi vya Proplast na Teflon, badala ya kile kisahani laini kilicho ndani ya kiungo cha taya. Hapo ndipo huwa nakasirika. Kutafuna kulivisaga vikawa chembechembe, mwili ukazishambulia, na mfupa ukaliwa, kwa wengine hadi kwenye fuvu. Mwaka 1990 kampuni ilifilisika, na mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo. Wagonjwa ndio walibaki na maumivu.

Siku hizi mambo ni ya upole zaidi. Mlio usio na maumivu kwa kawaida hauhitaji tiba. Ukiuma, unaanza na chakula laini, kukanda kwa joto, mazoezi na dawa ya maumivu (chingamu na miraa vipumzike kwanza). Akikwambia meno yasagwe, muulize daktari kama hiyo kazi inaweza kutenduliwa.

Na vipimo je? Vigezo vya kimataifa vya 2014 vinaanza na maswali, kisha misuli inabonyezwa na upana wa mdomo ukiwa wazi unapimwa. Kwa rula.