Zabuni za kaunti: Fungu la vijana, wanawake na walemavu

Wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanaotaka kuiuzia bidhaa au huduma Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyorithi baraza la manispaa mwaka 2013, wana fungu lao kisheria.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, iliyotokana na Kifungu cha 227 cha Katiba, inatenga angalau asilimia 30 ya thamani ya ununuzi wa kila mwaka wa fedha kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Asilimia 20 ya ununuzi wa kaunti nayo ni ya wakazi wake.

Katika kikundi, asilimia 70 ya wanachama na viongozi wote sharti wawe wa kundi husika. Malipo nayo huingia katika akaunti ambayo mtia saini wa lazima ni mmoja wao. Yaani tajiri asijifiche nyuma ya majina ya akina mama. Cheti cha usajili hutolewa na Hazina ya Kitaifa bila malipo.

Tatizo kubwa huja baada ya kazi. Kaunti nyingi zimelimbikiza madeni ya wanakandarasi. Kampuni kubwa huweza kungoja. Kikundi kilichokopa ili kununua saruji kitangoja kwa fedha zipi?